Kutoka mawe hadi stima: Historia iliyojificha mgongoni mwa kisanduku cha fundi

MANENO huweza kuishi muda mrefu kuliko vitu vilivyoyazaa. Neno ‘stima’ ni mfano mzuri. Leo hii Mkenya akisema ‘stima zimepotea’, kila mtu anatafuta mshumaa. Mtanzania atasema ‘umeme umekatika’. Hata hivyo, stima ya mababu zetu wa pwani haikuwa na uhusiano wowote na taa. Ilikuwa meli iliyoendeshwa kwa mvuke, na neno lenyewe lilitokana na jina la chombo hicho kwa Kiingereza, kama ambavyo ‘meli’ ilitokana na neno la Kiingereza la barua zilizobebwa na vyombo hivyo.

Ilikuwaje basi chombo cha majini kikahamia kwenye nyaya? Hoja yangu ni kwamba msemaji wa kawaida hakulichukua jina la chombo, bali alichukua dhana ya nguvu isiyoonekana inayosukuma mtambo. Mtambo ulipobadilika, nguvu ikabaki na jina lake la awali. Wakikuyu nao wakalipokea, wakalitamka ‘thitima’. Kiswahili Sanifu kilifuata njia nyingine, kikaazima umeme wa mawinguni. Wachina walifanya vivyo hivyo, ilhali Waarabu na Wazungu walianzia kwenye kaharabu, ule utomvu ulioganda ambao ukisuguliwa huvuta unyoya.

Katika makala haya ninataka kufuatilia maneno ya aina hii hadi mahali ambapo wasomi wa lugha hatuchungulii sana: mgongoni mwa kisanduku cha amplifaya kilichoundwa na fundi wa mtaani. Hapo ndipo stima huingilia, na hapo ndipo lugha ya fundi inaweza kuokoa maisha au kuyakatiza. Nimevizuru vibanda vya mafundi katika eneo la Manyatta, Kaunti ya Embu, kwa shabaha ya kusikiliza wanavyoviita vifaa vyao. Nilichokisikia kimenishawishi kwamba katika istilahi zao mna historia nzima ya nishati nchini.

Tuanze na historia yenyewe. Kwa mujibu wa masimulizi ya kampuni ya umeme, jenereta iliyokuwa ikimulika kasri ya Sultani Barghash kule Zanzibar ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikahamishiwa Mombasa. Mwaka uo huo Nairobi ikapata kampuni yake. Mnamo 1922 kampuni hizo mbili ziliungana kuwa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983 lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting.

Katika kipindi chote hicho, stima ilikuwa jambo la mjini. Embu ina kinaya chake hapa. Mto Tana, unaopita mpakani mwa kaunti hiyo upande wa Mbeere, ulijengewa vituo vya kuzalisha umeme kimoja baada ya kingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya nene zikapita juu kwa juu kuelekea Nairobi. Chini yake, wanavijiji wengi waliendelea kusikiliza redio za mawe.

Naam, mawe. Msomaji wa kizazi cha sasa huenda asijue kuwa betri kavu za redio na tochi huitwa ‘mawe’ katika Kiswahili cha mitaani cha Kenya. Jiwe moja lina volti moja na nusu. Redio ya mawe manne, basi, ilikuwa na volti sita. Ungeweza kuzishika nyaya zake kwa mikono mitupu usihisi kitu. Mawe yakiisha nguvu, watu waliyaanika juani angalau yamalizie taarifa ya habari ya jioni.

Redio maarufu ya zama hizo inaeleza mengi. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ilianza kuuza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, redio ya betri iliyokusudiwa Waafrika wasio na umeme. Gamba lake la duara lilitokana na umbo la sufuria, na likaipa jina: Saucepan Special. Zingatia hili: gamba la chuma, nyaya ndani, wala hapakuwa na mtu aliyehofia kuligusa. Chuma hakikuwa hatari kwa sababu kilichokuwa ndani yake hakikuwa stima ya ukutani.

Baada ya mawe likaja betri la gari. Vijijini, wenye televisheni ndogo walilibeba betri hadi sokoni ‘likachajiwe’, wakalirudisha nyumbani kwa baiskeli au mkokoteni. Hizo zilikuwa volti 12. Katika enzi hii ndipo mafundi wengi walipojifunza kazi. Walijifunza kuzisokota nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa kipande cha karatasi ya nailoni. Walijifunza pia kuongea kwa ‘poziti’ na ‘negi’, maneno ambayo vitabu vya shule huyaita chanya na hasi. Kosa la kuunganisha lilichoma kifaa tu. Fundi mwenyewe alibaki akicheka.

Kisha stima ikafika. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini mwendo wake ulikuwa wa kobe. Mabadiliko makubwa yalikuja 2015, mradi wa Last Mile ulipozinduliwa na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Kwa ghafla, kibanda kilichokuwa cha volti 12 kikawa cha volti 240.

Vifaa vilibadilika kwa mwaka mmoja. Mazoea na msamiati havikubadilika. Fundi anayeita waya wa moto ‘poziti’ na wa pili ‘negi’ anabeba fikra ya betri na kuitia katika stima ya ukutani. Katika betri, pande zote mbili ni salama kuguswa. Katika stima ya nyumbani, mkondo huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, kwa hivyo hakuna chanya wala hasi ya kudumu. Kilichopo ni waya mmoja ulio hai kila wakati ukilinganishwa na ardhi unayoikanyaga, na mwingine wa kurudishia. Ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya udongo, mwili wako ndio njia ya mkato.

Ndiyo maana ninalipendelea neno ambalo nimelisikia kwa mafundi wakongwe: ‘waya moto’. Halihitaji kamusi. Linajitosheleza kwa maana na kwa onyo. Mwenzake huitwa ‘nyutro’, na wa tatu huitwa ‘athi’. Hilo la tatu lina mvuto wa pekee kwa mwanaisimu. ‘Athi’ imetoka Kiingereza na ‘ardhi’ imetoka Kiarabu. Yanafanana kwa bahati tu, na yote mawili yanarejelea udongo uleule. Lakini kijana anayejifunza kazi akiambiwa ‘athi’, kitakachomjia akilini ni mto unaopita Machakos. Akiambiwa ‘waya wa ardhi’, ataelewa mara moja kwamba waya huo unaishia udongoni, na pengine atauliza ni kwa nini.

Swali hilo ndilo kiini cha mambo. Tuangalie kisanduku chenyewe. Zamani, na hata sasa katika vibanda vingi, fundi hutoboa tundu mgongoni mwa kisanduku, akapitisha waya, akaupiga fundo kwa ndani ili usichomoke ukivutwa. Kisanduku kikiwa cha mbao, mambo huenda yakapita salama. Kikiwa cha bati, ukingo wa tundu hukwaruza ngozi ya waya kila kinapohamishwa, kutoka kanisani hadi harusini, kutoka harusini hadi matangani. Siku moja waya moto unagusa bati. Amplifaya inaendelea kuimba kama kawaida. Mtu wa kwanza kuishika akiwa amesimama kwenye nyasi zenye umande ndiye ‘anayeshikwa na stima’.

Wengi wetu hudhani fyuzi itatuokoa. La hasha. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani waweza kuusimamisha moyo, na ndiyo sababu swichi za kisasa za kinga hukata stima katika kiwango hicho. Fyuzi hulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni ule waya wa ardhi uliofungwa imara kwenye bati: waya moto ukigusa bati, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi inakatika, na kisanduku kinakufa kabla ya mtu kufa.

Plagi yenyewe ilibuniwa kwa fikra hizo. Waingereza walipokuwa wakipanga kujenga upya nyumba zao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliunda kamati ya wataalamu 20. Mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, na alisisitiza sana usalama wa watoto. Kiwango kilichotokea mwaka 1947, BS 1363, ndicho kinachotumika Kenya hadi leo: pini tatu za mstatili, ya ardhi ikiwa ndefu zaidi. Pini hiyo hutangulia kuingia, ikafungua vifuniko vinavyoziba matundu mengine mawili. Nasi tumefanya nini? Tunachukua kalamu au kijiti, tunakichomeka kwenye tundu la ardhi, vifuniko vinafunguka, kisha tunasukuma plagi ya pini mbili. Kinga ya mtoto imegeuzwa kuwa kero ya mtu mzima.

Siku hizi mafundi wengi wameacha fundo na wanatumia kile kiingilio cha pini tatu kinachopatikana nyuma ya kompyuta za mezani. Kwa vile vifaa vibovu vya kompyuta vimejaa, kiingilio hicho hupatikana bila gharama kubwa. Hukatiwa tundu la mstatili, kikafungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 40, na waya wake ukachomolewa upendavyo. Hili ni jambo jema. Lakini nyuma ya kiingilio mna vibati vitatu, na fundi aliyezoea mawe huunganisha viwili tu. Cha katikati, ambacho ni cha ardhi, hukiacha kikining’inia. ‘Hiyo haina kazi,’ husema, ‘hata bila hiyo inaimba.’ Kweli inaimba. Kazi ya waya huo si kuimba.

Kanuni zenyewe si nyingi, na zinasemeka kwa Kiswahili chepesi. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bolti yake pekee, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikang’aa. Uachwe mrefu kuliko wenzake, ili kiingilio kikivutwa uwe wa mwisho kukatika. Waya moto upitie fyuzi kwanza, kisha swichi, ndipo ufike kwenye transfoma. Viungo vyote vifunikwe, pasibaki chuma uchi. Tena fundi asiamini rangi kwa macho tu: nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, waya mpya zina kahawia na buluu, na kifaa kilichotoka Marekani kina nyeusi kwa waya moto. Rangi nazo ni lugha, na zina lahaja.

Limebaki jambo la jinsia. Mafundi huita upande wenye pini ‘wa kiume’ na wenye matundu ‘wa kike’, mtindo ulio katika lugha nyingi duniani. Tatizo ni kwamba majina hayo hayasemi ni upande upi wenye stima. Ndiyo maana utakuta waya wenye plagi za kiume ncha zote mbili, uliotengenezwa ili jenereta ilishe nyumba kupitia soketi. Ncha moja ikiwa ndani ya soketi, pini za ncha ya pili ziko uchi na zina volti 240. Ningependekeza majina yanayotaja kazi: ‘mtoaji’ na ‘mpokeaji’. Kanuni yake ingekaririwa na mwanagenzi yeyote: mtoaji huficha chuma chake, mpokeaji ndiye huonyesha. Kiingilio cha kisanduku ni mpokeaji, kwa hivyo kina pini. Soketi ya ukutani ni mtoaji, kwa hivyo ina matundu.

Tangu mwaka 2010, Kifungu cha 7 cha Katiba kimekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, maonyo yaliyobandikwa kwenye vifaa vya stima yameandikwa kwa Kiingereza, nyakati nyingine kwa Kichina. Vyuo vya ufundi hufunza kwa Kiingereza, ilhali kijana akirudi kibandani anaelekezwa kwa Kiswahili, Kiembu na Kimeru. Somo la usalama hupotea katika pengo hilo.

Wanaistilahi tumezoea kuketi ofisini na kuunda maneno, kisha tunalalamika kuwa hayatumiki. Hapa maneno yamekwisha kuundwa. ‘Waya moto’ ni istilahi bora. ‘Kushikwa na stima’ ni maelezo sahihi, kwani misuli hukaza na mtu hushindwa kuachilia. Kazi iliyobaki ni kuyakusanya, kuyapima, kuyasawazisha na kuyarudisha kibandani yakiwa yamechapishwa kwenye karatasi moja ya kubandikwa ukutani. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi wanaweza kuianza kazi hiyo katika muhula mmoja, bila kusubiri kamati.