Kabla Televisheni Haijampima Kibonge

Barabara ya lami itokayo Kahama kwenda mpaka wa Rusumo inaikata Masumbwe, wilayani Mbogwe, katikati, na malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita upande huu wa nchi kwa miguu. Aliondoka Kaze, Tabora ya leo, akakatisha Uzinza huku machifu wakimzuia na kumdai hongo, na Novemba akafika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Kwa Rumanyika akakuta wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama kukawashinda.

Speke akatoa kipimo. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 ameandika vipimo vya shemeji wa mfalme, na kwa hesabu ya leo mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimeta 58, kifua 132, paja 79. Binti wa mama huyo, wa miaka 16, alikuwa kando akinywa maziwa, na baba yake amemsimamia na fimbo. Lakini mama hakupimwa bure. Walipatana kwamba Mzungu naye amwonyeshe miguu na mikono yake mitupu. Nampenda kwa hilo.

Miaka 148 baadaye, Julai 2009, kituo cha Fox cha Marekani kilianza kurusha More to Love. Mtayarishaji wake, Mike Fleiss, ndiye aliyeanzisha The Bachelor mwaka 2002, kipindi ambacho wasichana wembamba humgombea mwanamume mmoja. Safari hii aliwaita vibonge: wanawake 20 na kijana wa miaka 26, Luke Conley, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 135. Mtangazaji alikuwa Emme, mwanamitindo mnene mwenye jina kubwa. Waliahidi heshima, kisha chini ya jina la kila mshiriki wakaandika umri, urefu na uzito wake. Kwenye The Bachelor hakuna aliyeandikiwa kilo. Wanawake wengi mle walilia mbele ya kamera wakisimulia jinsi walivyokosa wachumba, na kipindi kikafa baada ya msimu mmoja. Sioni ajabu. Mtu aliyealikwa harusini hapimwi mlangoni.

Kuchagua mchumba hadharani, Usukumani hakukungoja televisheni. Kulikuwa na chagulaga. Siku ya gulio au ya ngoma, vijana humzunguka binti na kumwambia “chagulaga, mayu”, naye humtaja mmoja na wengine hutawanyika. Kazi ya kuamua ilikuwa yake. Mzani ulikuja baadaye, wazee walipokaa kuzungumza mahari, na hapo kilichopandisha ng'ombe kilikuwa zaidi weupe wa ngozi, si unene. Tusiipambe mila hii kupita kiasi, maana binti aliyezungukwa hakuwa na njia ya kusema simtaki yeyote, na wengi walikuwa wanafunzi. Ndiyo maana walimu na watetezi wa watoto wa Shinyanga na Geita wameipiga vita kwa miaka mingi.

Kipimo cha wembamba nchini kililetwa na urembo wa majukwaani. Miss Tanzania ya kwanza ilifanyika 1967, serikali ikayafuta mashindano hayo kwa kuona hayaendani na utamaduni wetu, yakarudi 1994. Yaliporudi, ilikuwa ni viuno vyembamba na miguu mirefu. Huku mitaani wanaume waliendelea kuwageukia wenye maumbile yao, na bendi na taarabu zikaendelea kuwasifia.

Uganda walijaribu kugeuza. Februari 2019 waziri mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua Miss Curvy Uganda na kusema wanawake wenye maumbo yao ni kivutio cha watalii. Wanawake wa Uganda walimshukia: wao si sokwe wa kwenda kutazamwa porini. Kumsifu mtu kwa mwili wake ni jambo moja, na kumtia kwenye orodha ya vivutio ni jambo jingine kabisa, lakini waziri alichelewa kuiona tofauti hiyo.

Kwetu, tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, king'amuzi kimeingia mpaka vibanda umiza vya machimboni, na StarTimes wameleta Hello Mr Right ya Kiswahili. Humo wanawake husimama kila mmoja na taa yake. Mwanamume huingia peke yake, hueleza kazi yake na maisha yake, na asiyemtaka humzimia taa. Mzee wa Mbogwe aliyekulia kwenye magulio ya ujana wake hahitaji kueleweshwa mchezo huo, ila atauliza kwa nini vijana wanaingia mmoja mmoja.