Paa Linalofunguka na Jaribio Lisilotosha
Kuendesha gari kwa majaribio kabla ya kulinunua hakujawahi kuwa kinga ya kutosha kwa mnunuzi, na Mercedes-Benz SL ya mwaka 1989, ile iitwayo R129, ni ushahidi mzuri. Paa lake la turubai hufunguka lenyewe kwa nguvu ya haidroliki, likisukumwa na silinda ambazo sili zake huchakaa kadiri miaka inavyopita, zikaanza kuvuja. Mzunguko mfupi barabarani, upepo ukipiga usoni, hauonyeshi hilo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza kwamba muuzaji wa gari lililotumika hujua kasoro asizozijua mnunuzi. Mwaka 1985 Marekani ikaanza kuwalazimisha wafanyabiashara kubandika dirishani karatasi inayosema kama gari lina dhamana, na inayomshauri mnunuzi aulize kama fundi wake anaweza kulikagua. Wapo watakaosema dereva mzoefu hugundua yote akishika usukani. Kweli, atahisi bodi ikitetemeka kwenye barabara mbovu, maana gari lisilo na paa la chuma hupoteza sehemu ya uimara wake. Lakini mafuta yanayovuja polepole hayafiki kwenye usukani. Fungua na ufunge paa zaidi ya mara moja, kisha mwite fundi wako kabla hujatoa fedha.