Tarehe ya Mstari wa Msingi katika Ilimu ya Kupima Maumbo

Tangu wataalamu wa maumbile walipoanza kuyapanga mafuvu ili kuyapima, ilidhihirika kwamba vitu viwili havilinganiki kwa haki maadamu kimoja kimeinama na kingine kimeinuka. Na kwa sababu hiyo wataalamu wa Ujerumani, katika mapatano ya Frankfurt yaliyotangazwa mwaka 1884, walikata shauri kwamba fuvu lipimwe likiwa katika hali moja, mstari utokao ukingo wa juu wa tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho ukilala sawasawa.

Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton, akitafuta njia ya kuainisha picha za nyuso zilizotazamwa kwa upande, aliteua nukta mbili ziwe ncha za mstari wa msingi, na nyinginezo akazisoma kwa kuzinasibisha na hizo. Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 1986, Mmarekani Fred Bookstein aliisimamisha rai hiyo juu ya hesabu madhubuti za takwimu.

Kwa mfano, chukua taswira ya samaki, nukta ya kwanza ikiwa ncha ya mdomo na ya pili shina la mkia. Taswira husogezwa hata nukta ya kwanza ikae penye sifuri, huzungushwa hata ya pili ilale juu ya mstari wa mlalo, kisha hukuzwa au hupunguzwa hata umbali baina yao uwe 1. Mahali, mwelekeo na ukubwa huondoka, likabaki umbo peke yake.

Walakini msingi huo una gharama yake, kwani nukta mbili zikishafungwa, tofauti zao huhamia kwa wenzao: samaki mwenye mdomo mrefu ataonekana kana kwamba pezi lake la mgongoni limerudi nyuma na mwili wake umekonda, ilhali kilichozidi ni mdomo tu. Ndipo ikashika nguvu njia iitwayo kwa jina la Procrustes, yule haramia wa hadithi za Kiyunani aliyewanyosha au kuwakata wageni watoshe kitandani; njia ambayo John Gower alikwisha kuipanua mwaka 1975 ili maumbo mengi yalinganishwe pamoja, kila nukta ikiwa na sauti yake katika mapatano.

Mstari wa msingi ungali na manufaa pale ambapo nukta zake mbili ni thabiti. Basi kila apimaye na aziteue kwa hadhari, azitaje waziwazi na aeleze sababu yake, kwa kuwa kipimo ambacho msingi wake umefichwa hakiwezi kuhukumiwa na mtu mwingine.