Kobe wa Papert na mtumbwi wa Kivu

Juzi kwenye grupu mtu aliuliza kwa nini tunamaliza Jumamosi nzima na watoto "wakicheza michezo ya kompyuta" wakati hata madaftari hayatoshi. Swali ni la haki kabisa. Tulitaka kujibu kwa haraka, kiisha tukaona afadhali tuandike historia yenyewe, maana huu mchezo umri wake unawapita hata wazazi wa wengi wetu.

Tuanze na mwana wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967, akiwa Marekani, yeye na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Fikiria, wakati ule kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba! Halafu wakaleta kobe, yaani roboti ndogo inayotembea sakafuni na kalamu tumboni. Mtoto anaiambia: mbele 100, kulia 90. Ukirudia mara nne, kobe anachora mraba. Ukikosea, kobe anakwenda kugonga ukuta na watoto wote wanacheka, kisha unajaribu tena. Hakuna wino mwekundu hapo. Sisi tuliosoma kwa kuogopa wino mwekundu tunajua hiyo ni tofauti kubwa kiasi gani.

Na kuna jambo moja la Papert ambalo limetusaidia zaidi ya mashine yoyote. Mtoto akikwama, alimwambia: basi wewe mwenyewe uwe kobe. Simama, tembea hatua zako, geuka, halafu sema umefanya nini. Kwa hiyo somo la kwanza la programu halihitaji umeme. Linahitaji miguu na uwanja.

Mashindano yalikuja baadaye, tena kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mabingwa: Olimpiadi ya kimataifa ya informatika, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989. Pale wanakwenda wachache waliochujwa na nchi zao, na ni kazi ngumu kwelikweli. Ya pili ndiyo inatupendeza. Mwaka 2004 profesa mmoja wa Lithuania, Valentina Dagienė, alianzisha shindano la shule linaloitwa Bebras, neno ambalo kwa lugha yao ni jina la mnyama mwenye meno makali anayejenga mabwawa kwa magogo. Maswali yake ni mafumbo mafupi ya dakika chache, yenye picha, na mtoto hatakiwi kujua programu hata kidogo. Anatakiwa kufikiri: nani apite kwanza, njia ipi ni fupi, kosa liko wapi. Mafumbo ya namna hiyo hata kwenye karatasi yanakubali. Tumejaribu.

Mwaka 2007 ikatoka Scratch, kazi ya Mitchel Resnick na kundi lake pale MIT, Marekani. Hapo mtoto haandiki maneno, anaunganisha vipande vya rangi kama vile vya kujengea nyumba za plastiki, na mwisho anapata mchezo wake mwenye pointi na ngazi. Inashuka kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti. Tena unaweza kuibadilisha ikaongea Kiswahili. Kwa mtoto aliyesoma kwa Kifaransa ng'ambo ya mto na sasa anakutana na Kinyarwanda na Kiingereza darasani, hilo si dogo.

Rwanda nayo haikubaki nyuma. Tangu mwaka 2008 serikali ilileta kompyuta ndogo za XO, zile za kijani na nyeupe, na zaidi ya 200,000 ziliingia kwenye shule za msingi. Ndani yake kulikuwa na programu ya kobe, mjukuu wa yule wa Papert. Mwaka 2015 ikaanza Africa Code Week, na kutoka hapo likazaliwa AfriCAN Code Challenge, ambapo vijana wa miaka 8 hadi 16 walitengeneza mchezo kwa Scratch na kushindana na nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2019 Nyabihu ikapata shule nzima ya kuandika programu, Rwanda Coding Academy.

Na wakimbizi je? Wengi mnamjua Lual Mayen wa Sudan Kusini. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, mama yake akaweka akiba miaka mitatu mpaka akamnunulia kompyuta ya dola 300. Yeye akawa anatembea mwendo wa saa nyingi kwenda kuichaji. Akatengeneza mchezo wa amani, Salaam. Tunampenda, lakini tuseme ukweli: hadithi yake wageni wanaipenda kupita kiasi, kana kwamba kila mama kambini anaweza kuweka dola 300.

Sasa ya kwetu. Hapa kituo cha muda, watu wanavuka kutoka Bukavu au Kamanyola, wanakaa kidogo, halafu basi linawapeleka kambini. Mwaka huu tulitaka kuandikisha watoto watatu kwenye shindano moja la wanafunzi. Fomu ikauliza jina la shule. Tukaandika jina la kituo. Jibu likarudi kwa adabu: ni wanafunzi walioandikishwa shuleni tu. Hatuwalaumu sana, kila shindano lina sheria. Ila katika historia yote hii ya miaka karibu 60, kompyuta imezidi kuwa ndogo na rahisi, lakini ule mstari wa "jina la shule" uko palepale.

Basi tukafanya la kwetu. Kompyuta moja ya kuazima, chaki, na uwanja wenye mistari. Asubuhi watoto walikuwa kobe, mchana wakapokezana kwenye Scratch, dakika kumi kila timu. Walioshinda walitengeneza mtumbwi unaovuka ziwa Kivu kuokota vitabu. Binti wa miaka 12 alikataa kabisa yale maneno ya "umekufa" mchezaji akigonga jiwe. Akaweka: "Subiri kidogo." Tukamwuliza kwa nini. Akasema kwenye mchezo wao hakuna mtu wa kufa.

Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Jumanne basi likaja, familia yake ikaondoka kwenda Mahama, kule mashariki karibu na Tanzania. Tulimpa flashi yenye mchezo wake ndani, mama yake akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Wiki mbili baadaye ujumbe ukaingia kwa simu ya kaka yake: "Bakaka, mtumbwi ukifika ng'ambo haurudi. Nifanye je?" Tulichora vipande kwenye karatasi, tukapaka rangi, tukapiga picha, tukamtumia. Bado tunasubiri atuambie kama umerudi.