Mwanafunzi na Chimbuko la Habari

Tangu kale binadamu ametamani kukusanya elimu yote mahali pamoja, ili atakaye kujua jambo asihangaike kulitafuta huku na huko. Hamu hiyo ndiyo iliyozaa vitabu viitwavyo kamusi elezo, au ensaiklopidia. Yafaa sisi walimu wa Kiswahili tuijue historia ya vitabu hivi, kwani wanafunzi wetu siku hizi huvisoma katika simu na kompyuta, na insha nyingi wanazotuletea zimechotwa humo, pengine neno kwa neno.

Huko Ufaransa, Denis Diderot na Jean d'Alembert walianza kutoa Encyclopédie yao mwaka 1751. Kazi hiyo ya juzuu 17 za maandishi na 11 za picha haikukamilika ila mwaka 1772, na katikati yake serikali iliipiga marufuku. Mjini Edinburgh nako kukatoka Encyclopaedia Britannica, juzuu 3, kati ya miaka 1768 na 1771. Vitabu hivyo vilikuwa vizito na vya bei kubwa, na kosa likiisha kupigwa chapa lilikaa humo mpaka chapa nyingine itoke.

Tarehe 15 Januari 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Wikipedia nchini Marekani. Ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Hapo desturi ya zamani ikapinduka: msomaji yeyote aliruhusiwa kuandika na kusahihisha. Mwaka 2012 wenye Britannica wakatangaza kwamba hawatachapa tena juzuu za karatasi.

Uhuru huo una faida na hatari zake. Mwezi Mei 2005, mtu asiyejitaja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy. Ulikuwa uwongo mtupu, nao ulikaa hapo karibu miezi minne. Lakini mwezi Desemba mwaka huohuo, jarida la sayansi la Nature lilitoa matokeo ya kulinganisha makala 42 za sayansi. Katika Wikipedia yalionekana makosa 162, na katika Britannica 123. Wenye Britannica waliupinga uchunguzi huo. Hata hivyo yatosha kutuonyesha kwamba hakuna kamusi elezo iliyotakasika na kosa. Kwa hiyo kumkataza mwanafunzi asiisome si dawa. Ataisoma kwa siri, na atanakili bila kuulizwa.

Dawa ni kumfundisha kuuliza habari imetoka wapi. Jambo hili si geni kwetu. Wanazuoni wa Kiislamu, walipopokea habari za Mtume, walitaka mfuatano wa wapokezi wake: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Mfuatano huo ndio isnadi. Habari iliyokosa isnadi haikukubaliwa kwa urahisi, hata ingekuwa tamu namna gani. Katika kamusi elezo ya mtandaoni, isnadi ni zile tanbihi zilizo chini ya ukurasa, nazo ndizo wanafunzi wetu wasizozitazama.

Tuchukue mfano wa Kilwa. Mwanafunzi aandikaye kwamba mji huo ulianzishwa na mwana wa mfalme wa Shirazi katika karne ya 10, kisha akatia nukta, hajafanya utafiti. Akifuata tanbihi, atakuta kwamba habari hiyo ina mapokezi mawili. Moja ni ya João de Barros, Mreno aliyeichapa mwaka 1552; ya pili ni ya Kiarabu, na nakala yake iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London. Barros asimulia habari za Ali, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, aliyedharauliwa na nduguze akaondoka na merikebu 2. Masimulizi ya Kiarabu yasema ni baba na wanawe katika merikebu 7. Naye Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, aliona kwamba utawala huo wa Washirazi ulianza yapata mwisho wa karne ya 12. Tena mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya watu wa kale wa pwani walieleza kwamba wanaume wa asili ya Uajemi na wanawake wa Kiafrika walianza kuchanganya damu yapata mwaka 1000. Sentensi moja ya ukurasa imekuwa somo zima la historia!

Tunapendekeza basi kila mwanafunzi ajibu maswali manne kabla ya kuandika. Habari hii imetolewa katika kitabu au jarida gani? Ukurasa ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na historia ya mabadiliko yake yaonyesha nini? Waandishi wamebishana nini katika ukurasa wa majadiliano? Na chanzo kingine, au ukurasa wa lugha nyingine, wasemaje? Shule isiyo na mtandao haizuiliki: mwalimu aweza kupiga chapa ukurasa mmoja pamoja na tanbihi zake, darasa likaupima kwa makundi.

Wanafunzi wakizoea hayo, wataona pia mapengo yaliyomo katika kurasa za Kiswahili, ambazo ni chache kuliko za Kiingereza na nyingine ni fupi mno. Waliojifunza kudai isnadi ndio watakaofaa kuyaziba, na lugha yetu itapata watunzaji badala ya wanakili. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msomaji naye na atembee kurasa zote apendazo, mradi mwishowe arejee kwenye chimbuko.