Historia ya Namba Moja Yenye Tarakimu Ishirini na Moja

Katika mwaka wa 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeishi Paris, alichapisha kitabu ambamo alitaja namba zipatikanazo kwa kuzidishana 2 mara kadha wa kadha, kisha kupunguza 1. Alidai kwamba, hata kufikia kipeo cha 257, namba hizo huwa tasa kwa vipeo kumi na kimoja tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kipeo cha 67 chatoa namba 147,573,952,589,676,412,927.

Neno tasa, ambalo asili yake ni sifa ya mwanamke au mnyama asiyezaa, katika hisabati hutumika kwa namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina hili lafaa kwa upande wa kugawanya. Kwa upande wa kuzidisha mambo ni kinyume, kwani namba tasa ndizo zizaazo namba nzima nyingine zote zilizo kubwa kuliko 1.

Dai la Mersenne lilikuwa na uzito, kwa kuwa tangu zama za Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya namna hiyo huleta namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Hata hivyo, hapakuwa na njia nyepesi ya kulithibitisha. Namba ile ilidumu katika orodha kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliitoa. Hakutafuta vigawanyo, alitumia mfululizo ambamo kila namba hutokana na zilizoitangulia, akapima baki. Matokeo yalionyesha kwamba namba hiyo si tasa, lakini hayakutaja hata kigawanyo kimoja.

Vigawanyo vilitolewa na Frank Nelson Cole, Mmarekani, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York mwezi wa Oktoba, 1903:

193,707,721 × 761,838,257,287.

Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba Cole aliandika hesabu hiyo ubaoni pasipo kunena neno, akaketi, na hadhira ikapiga makofi. Hayo ni masimulizi. Lililo thabiti ni makala ya Cole iliyochapwa mwaka uo huo. Kazi yake ilipunguzwa na kanuni ya kale: kila kigawanyo tasa cha namba hii, kikipunguzwa 1, hugawanyika kwa 134. Cha kwanza chatoa 1,445,580 kamili.

Kipeo cha 257 nacho kilionekana baadaye kuwa kosa, na vipeo 61, 89 na 107 vilikuwa vimeachwa. Lucas alithibitisha kwamba vigawanyo vipo, Cole alivionyesha. Uthibitisho wa kwanza wahitaji msomaji aielewe nadharia. Wa pili wahitaji ajue kuzidisha tu.