Ruzuku Ndogo za Uhifadhi: Mambo ya Kuzingatiwa na Vikundi vya Kujitolea Mkoani Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Kila kiangazi kinapofikia kilele mkoani Katavi, maji ya Mto Katuma hupungua na viboko hujazana katika madimbwi ya matope yaliyosalia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, haina uwezo wa kuulinda mto huo peke yake. Maji yake hutoka nje ya mipaka yake, yakipita katika mashamba ya mpunga na vijiji vya wananchi kabla ya kufika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na hatimaye Ziwa Rukwa.

Hali hiyo ndiyo inayoipa umuhimu kazi ya vikundi vya wananchi wanaojitolea kupanda miti kandokando ya mito, kulinda misitu ya miombo na kutunza shoroba za wanyamapori. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, lakini haiwezi kudumu bila fedha kabisa. Hapo ndipo ruzuku ndogo zinapoingia.

Ruzuku ndogo ni nini

Ruzuku ni fedha zisizorejeshwa, zinazotolewa kwa shughuli mahususi na kwa masharti ya kutolewa taarifa. Hivyo, hazipaswi kuchanganywa na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hutolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ambayo ni lazima irejeshwe. Vilevile, hazihusiani na kifuta jasho na kifuta machozi, ambavyo hutolewa na Serikali kwa wananchi walioharibiwa mazao au kudhuriwa na wanyamapori.

Mfano unaofahamika zaidi ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kusimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo (UNDP), ambayo imefanya kazi nchini kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu kikomo cha ruzuku yake ya kawaida kilikuwa dola za Marekani 50,000. Maombi huamuliwa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hutoka nje ya Serikali na huhudumu kwa kujitolea. Kwa upande wa misitu, upo Mfuko wa Misitu Tanzania (TaFF), uliotokana na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambao pia hutoa ruzuku kwa vikundi vya kijamii.

Nguvu kazi ni mchango

Wapo wananchi wanaodhani kwamba kikundi kisicho na fedha benki hakiwezi kuomba. Dhana hiyo si sahihi. Programu nyingi za aina hii hutambua mchango usio wa fedha: siku za kazi, miche, eneo la kitalu, au mizinga iliyotengenezwa na wanakikundi wenyewe. Jambo la msingi ni mchango huo kuandikwa. Daftari linaloonesha nani alifanya kazi gani, lini na kwa saa ngapi, ni ushahidi wenye uzito katika andiko la mradi.

Mafunzo kutoka Katavi

Mkoa wenyewe una mifano ya kujifunzia. Huko Mpimbwe, kampeni ya Watu, Simba na Mazingira (WASIMA) ilikabili mauaji ya simba kwa kuanzia katika mila. Kwa desturi ya wafugaji wa Kisukuma, aliyeua simba ili kulinda mifugo alitembelea ndugu na majirani kwa ngoma na kutunukiwa. Baadhi ya vijana waliigeuza heshima hiyo kuwa njia ya kipato, wakawaua hata simba wasiodhuru mifugo. Kampeni ilizungumza na wazee, sungusungu na serikali za vijiji, na sheria ndogo zikatungwa kuzuia matumizi mabaya ya desturi hiyo. Nguzo ya kazi hiyo ilikuwa mikutano na makubaliano, si mitambo ya gharama kubwa.

Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyohifadhi msitu wa Ntakata, makazi ya sokwe, hunufaika na biashara ya kaboni. Mapato hayo si ruzuku, lakini msingi wake ni uleule: vijiji vilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi na haki ya kisheria juu ya msitu kabla ya fedha kuanza kupatikana. Huko Inyonga, wilayani Mlele, wafuga nyuki wameonesha kuwa mwenye mzinga msituni ana sababu ya kuulinda msitu dhidi ya moto.

Hatua za kufuata

Kwanza, kikundi kisajiliwe katika halmashauri kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii, kiwe na katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Pili, eneo la mradi lithibitishwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, hivyo muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaoridhia mradi ni nyaraka muhimu. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito.

Tatu, andiko lieleze tatizo moja, eneo moja na matokeo yanayopimika. Nne, lieleze nani atatunza kazi hiyo baada ya fedha kwisha.

Sharti la pili na la nne ndiyo mtihani halisi. Miche iliyopandwa bila ridhaa ya kijiji inaweza kung'olewa msimu unaofuata ili kupisha mpunga, na hakuna ruzuku itakayoirejesha. Vikundi vinashauriwa kuanza na ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, kisha Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Wanyamapori wa halmashauri husika, kabla ya kuandika ombi lolote.